Zulia la Madiwani Chumbani Kwangu

Naweka dau na yeyote, dau la sahani ya samaki na chipsi, kwamba hutaamini hii. Nilipokuwa kijana wa miaka kumi na nane nilikuwa naishi kwenye jengo baya kuliko yote pale Calderby, jengo ambalo hata njiwa walikuwa wanalipita wakaenda kutua kwingine, na sakafuni kwangu nilikuwa nimetandika zulia la ukumbi wa madiwani. Sisemi linalofanana nalo. Lenyewe. Zulia jekundu, zito, limekanyagwa na mameya tangu bibi yangu hajaolewa, lina nembo ya mji katikati, na mimi nalikanyaga na soksi iliyotoboka huku nakula maharage kwenye kopo.

Umeshaanza kucheka. Wote hucheka. Pale baa ya kona kwetu nimekula bure sana kwa hadithi hii, maana watu wanabisha, mimi natulia, halafu namwita mdogo wangu Jodie anathibitisha, na samaki wanaletwa.

Sasa kwanza ujue mimi Craig ni mtoto wa nani. Baba yangu ni Halmashauri ya Mji wa Calderby. Mama yangu pia ni Halmashauri. Mama aliyenizaa pombe ilimshinda nguvu, simlaumu, na mwanamume aliyehusika hata sura yake siijui. Hakimu akasema mimi na Jodie tulelewe na halmashauri. Kwa hiyo wale wale wanaozoa taka, wale wanaotengeneza taa za barabarani na kukupiga faini mbwa wako akichafua bustani, ndio walikuwa wazazi wangu. Wewe unajidai baba yako ana lori. Wangu alikuwa na malori foleni nzima, bwawa la kuogelea na maktaba, na akikuchoka kabisa ana viwanja vya makaburi.

Ubaya wa baba wa namna hiyo ni kwamba hajui kuamua haraka. Niliwahi kutaka kunyoa nywele pembeni kama wachezaji mpira. Mama mlezi akasema ngoja nimuulize ofisa ustawi. Ofisa akasema ngoja nimuulize bosi. Ruhusa ilipofika, hata wachezaji wenyewe walikuwa wameshaacha mtindo huo.

Lakini ninayetaka umjue ni Noreen Ackroyd. Mimi hapa ni kibao tu cha kuonyesha njia.

Noreen alikuwa mwanamke mfupi, mpana, mwenye sauti ya kumwita mtoto toka upande wa pili wa bonde. Miaka mingi alikuwa anagawa chakula cha mchana mashuleni, yule mama wa upawa anayekuongezea viazi akiona huna furaha. Halafu halmashauri ikaanzisha ofisi ya kuwashika mkono vijana wanaotoka kwenye malezi yake, ikamweka humo. Akawa mshauri wetu. Sheria ilisema atutembelee kila baada ya muda, aone kama tuko hai, kama tuna pa kulala, kama tunasoma au tunafanya kazi. Wenzake wengine walikuwa wanapiga simu. Noreen alikuwa anakuja na miguu yake, na koti lake la mvua lililojaa nywele za paka.

Siku ya kwanza nilikuwa na miaka kumi na sita. Mimi na shule tulikuwa tumeachana kwa amani, ingawa shule ilifurahi zaidi. Walikuwa wamenipangia chumba chenye mlango wake, nami mlango huo sikutaka kumfungulia mtu yeyote mwenye kitambulisho shingoni. Nilikuwa nimeshawaona wengi. Wanakuja, wanatabasamu, wanahamishwa, anakuja mwingine, unaanza upya kueleza maisha yako kama kasuku.

Nikaona lile tundu la kuingizia barua linafunguka mlangoni. Zikaonekana pua na miwani.

"Craig, kipenzi, mimi Noreen, natoka halmashauri."

Usishtuke na hilo la kipenzi. Kwetu hata dereva wa basi anakuita kipenzi huku anakufungia mlango usoni.

"Craig hayupo," nikasema.

"Haya. Akirudi mwambie nilimletea pai ya nyama toka bucha la Sugden, na kwa kuwa hayupo naila mwenyewe."

Nikasikia amekaa kwenye ngazi. Nikasikia karatasi inafunguliwa. Halafu nikasikia anatafuna, na nakuapia alikuwa anatafuna kwa makusudi.

"Ukoko umekauka vizuri," akasema kupitia lile tundu. "Ndani laini. Hivi Craig anapenda haradali?"

"Anapenda."

"Masikini. Na mimi nimeweka nyingi."

Nikafungua. Watu wanasema nilikuwa mgumu. Ndiyo, nilikuwa mgumu, ila hawajawahi kula pai ya Sugden.

Toka siku hiyo akawa wangu. Alinifundisha kupika viazi, kufua nguo nyeupe mbali na nyekundu baada ya mimi kujitengenezea mashati ya pinki, na kuamka. Kuamka ndiko kulikomtesa. Alikuwa ananipigia simu asubuhi, nikipokea ananiimbia kwa sauti ile yake ya bondeni, hainyamazi mpaka asikie maji yanatiririka bafuni. Nilipopata kazi ghala la matairi, alijitangazia yeye kwamba ndiye aliyeajiriwa. Na ni kweli.

Kitu kimoja tu nilimwambia nakitaka. Wakati wanatutenganisha, mimi na Jodie tuliingizwa kwenye magari mawili. Yeye alikuwa mdogo hivi, kichwa hakifiki dirishani. Nikaingiza kichwa kwenye gari lake nikamwambia: nikipata nyumba yangu, Krismasi utakula kwangu. Yeye akapelekwa kwa familia moja nzuri kule vilimani, nami nikazungushwa nyumba hadi nyumba. Tulikuwa tunaonana mara chache, kwenye chumba cha ofisi chenye midoli isiyo na vichwa, ofisa amekaa pembeni. Na kila mara, kabla hata ya salamu, Jodie aliniuliza, "Umeshapata?"

Nilipotimiza miaka kumi na nane, nikapata. Ghorofa ya saba, chumba na sebule, choo cha ndani. Noreen akaniuliza nataka zulia la rangi gani, maana halmashauri hutoa ruzuku ya kuanzia nyumba, mara moja tu katika maisha yako. Nikasema bluu.

Sasa sikiliza utaratibu wa kwetu. Nyumba ya halmashauri hukabidhiwa tupu. Mpangaji akihama, wanakuja mafundi wa nyumba tupu, wanang'oa kila kitu, zulia likiwemo, hata liwe la jana, wanalitupa. Ndipo mwenyeji mpya anapewa funguo na sakafu. Kila mtu Calderby anajua hivyo. Noreen naye alijua, lakini alitaka kunishtukiza. Akambembeleza mlinzi wa jengo amfungulie kabla ya siku yangu, watu wa duka wakatandika zulia langu la bluu, akafunga, akaenda zake anajichekea.

Siku ya funguo akanisimamisha mlangoni.

"Fumba macho."

Nikafumba. Akafungua, akanisukuma ndani. Kimya. Nikasubiri. Nikafumbua.

"Zuri," nikasema. "Tena unaweza kufikiri ni saruji."

Noreen akanisukuma kando. Alikwenda dirishani. Nami nikaenda. Chini kabisa, kwenye kontena la taka, mvua inanyesha, palikuwa na vipande vya bluu.

Mafundi bado walikuwepo, wanakunywa chai ndani ya gari lao. Noreen alishuka ngazi zote zile kama ndoo inayobiringika, mimi nyuma.

"Nani kang'oa zulia la ghorofa ya saba?"

"Mimi, kipenzi," akasema mkubwa wao. "Nimeambiwa nyumba tupu. Nimekuta zulia. Sasa nyumba yenye zulia ni tupu?"

"Lilikuwa jipya."

"Nimeliona. Kwa kweli roho iliniuma nilipokuwa nalikata."

Basi hivyo ndivyo alivyo baba yangu. Mkono wa kulia ulinitandikia, wa kushoto ukang'oa, na mikono yote miwili ilikuwa imevaa nembo ile ile kifuani.

Ingekuwa mimi peke yangu ningelala hata juu ya saruji, nimeshalala pabaya zaidi. Lakini Krismasi ilikuwa inakaribia na Philippa, ofisa wa Jodie, alikuwa anakuja kukagua. Philippa alikuwa mtu mwembamba, mpole, wa kuomba radhi hata kwa kiti alichokigonga. Akazunguka chumba. Ukutani pande zote mafundi walikuwa wameacha zile mbao nyembamba za misumari zinazoshikilia zulia.

"Craig, siwezi kumleta mtoto hapa."

"Misumari nitaing'oa leo leo."

"Na baridi, utaing'oa?" akasema, halafu akaona haya kwa kusema hivyo. "Samahani. Lakini ni Desemba na hii ni saruji. Atalala wapi, atacheza wapi? Ukipata kitu cha kutandika, nitarudi. Usipopata, itabidi aende na familia yake kwa bibi yao."

Nikamwambia Noreen usitafute tena, hatakuja, mwambieni tu. Nilisema kwa ule uso wangu wa sijali, uso niliokuwa naringa nao sana. Noreen akautazama akasema, "Uso huo kauvae siku ya mazishi yangu. Kesho vaa shati safi, tunakwenda kwa wazazi wako."

Kulikuwa na kamati ya madiwani iliyokutana kuzungumzia watoto wa halmashauri. Noreen aliiita kikao cha wazazi. Siku hiyo walikuwa wanakutana chumba cha pembeni, maana ukumbi wao mkubwa ulikuwa unatandikwa zulia jipya. Tukaambiwa tusubiri koridoni. Viti hakuna. Kulikuwa na kitu kimeviringishwa kama gogo kando ya ukuta, nikakikalia.

Noreen akanitazama.

"Umekalia nini?"

"Zulia."

"La nani?"

"La baba," nikasema. Nilikuwa natania.

Yeye hakucheka. Alinishika mkono, akafungua mlango bila kubisha.

Mwenyekiti alikuwa Diwani Sugden, ndiyo, yule yule mchinja nyama wa zile pai, mtu mwenye mikono kama miguu.

"Noreen, hamjaitwa bado," akasema.

"Swali moja tu, Mheshimiwa. Binti yako alipohama nyumbani, mlimpa nini?"

"Hilo limo kwenye ajenda?"

"Limeingia sasa hivi."

Sugden akakuna shingo. "Tulimpa sofa. Lile la kahawia. Mke wangu alikuwa halitaki tena."

Mama mmoja wa pembeni akasema yeye alitoa mapazia na kitanda cha bibi. Mwingine akasema mwanawe alipewa mashine ya kufulia iliyokuwa inatembea jikoni ikiwashwa, wakacheka, na hapo wote wakaanza, masufuria, birika, meza yenye mguu mfupi. Unajua watu wakianza kukumbuka. Walisahau kabisa kwamba wako kazini.

"Basi," Noreen akasema, "huyu hapa mwanenu amehama. Na pale nje mna zulia kuukuu. Linakwenda wapi?"

"Jalalani," akasema karani wao. "Lakini mali ya halmashauri haitolewi hivi hivi. Kuna taratibu."

"Mlipotoa sofa mlifuata zipi?"

Karani akafungua mdomo, Sugden akamnyooshea kile kidole chake cha soseji, akanigeukia mimi. "Kijana, unalitaka kweli? Linanuka biri za madiwani waliokwisha kufa."

"Mheshimiwa, tutazoeana."

"Unalitakia nini?"

Nilikuwa na mizaha mitatu mizuri mdomoni. Yote ikakauka.

"Mdogo wangu aje Krismasi," nikasema. "Nilimwahidi."

Hakuna aliyecheka. Wakapiga kura. Wewe zulia lako limewahi kupigiwa kura? Langu lilipita bila kupingwa, hata karani alinyoosha mkono ingawa hakuwa na haki.

Sugden mwenyewe alilileta kwa gari lake la nyama, kwa hiyo juu ya harufu ya biri ikaongezeka harufu ya soseji. Lifti ilikuwa mbovu. Tukalibeba ngazini, Sugden mbele, mimi nyuma, Noreen katikati anatoa amri.

"Lifti hii imekufa lini?" Sugden akauliza, anahema.

"Unaniuliza mimi?" nikamwambia. "Yako hiyo."

Wiki iliyofuata lifti ikatengenezwa. Sisemi ni kwa ajili yangu, lakini majirani walikuwa wanasema, na mimi siwabishii watu wazima.

Tulilikata kwa kisu cha nyama. Noreen alitambaa kwa magoti, anapima kwa mikono, anatufokea. Akahakikisha nembo inakaa katikati ya sebule. Ilikuwa imechakaa, imekanyagwa na viatu vya mameya mpaka kichwa cha mnyama aliyechorwa humo kimefutika, umebaki mwili wa manyoya, miguu minne inaning'inia, na mkanda tumboni kama vile amenyanyuliwa na winchi. Philippa alikuja, akavua viatu, akasimama juu yake na soksi. Halafu akasema, "Lina joto kuliko la kwangu."

Jodie alifika na koti jipya na mfuko wake. Alisimama mlangoni kama mtu wa kodi.

"Yote hii yako?"

"Yote."

"Na choo?"

"Na choo."

Akavua viatu. Akalala kifudifudi katikati ya sebule, shavu kwenye nembo, akabaki hapo. Nami niliyekuwa na maneno ya kuuza nikaenda jikoni kutazama viazi ambavyo havikuhitaji kutazamwa.

"Craig," akaita. "Huyu nani?"

Nikaja nikatazama. "Mbwa."

"Mbona ananing'inia?"

"Alikuwa mkorofi. Meya akamnyanyua kwa mkanda."

Siku ya Krismasi tulikula sakafuni. Bata mzinga nilimpika mimi, usiulize alikuwaje. Noreen ilikuwa siku yake ya mapumziko, lakini saa ya kula tulisikia tundu la barua linafunguka.

"Kuna watu humu? Nina pai, na kama hawapo naila mwenyewe."

Akaingia na koti lake la paka, akavaa kofia ya karatasi ya Krismasi, akakaa chini kwa shida kama ngamia. Jodie akamwaga mchuzi wote juu ya nembo, akaganda, macho kwangu, akisubiri kufokewa. Nilijua ule mtazamo. Nimekaa nao nyumba nyingi.

"Si kitu," nikasema. "Mbwa alikuwa hana jina. Sasa anaitwa Mchuzi."

"Noreen, unamwona mbwa wetu?" Jodie akauliza.

Noreen akainamisha miwani, akamtazama vizuri. "Mbwa mzuri," akasema, akaomba viazi.

Noreen alikuja miaka na miaka. Hata nilipovuka umri ambao sheria ilimtaka aje, alikuja. Anakaa kwenye ngazi kwanza, anapumzisha magoti, anasema maneno yake kupitia tundu, ndipo anaingia. Kila Krismasi Jodie alikuja pia, na mwaka wa kuhama kwake mwenyewe toka kwa walezi, nilimpa zulia, kama wazazi wanavyofanya. Halikuingia lote kwake. Akakata kipande cha katikati, chenye doa. Jengo letu lilikwisha bomolewa, sasa pana maegesho, na mimi huwa nikipita natazama juu, hewani, pale ilipokuwa sebule yangu. Nyumba yangu ya sasa ina zulia jipya, laini, halinuki kitu chochote. Sijalizoea.

Noreen tulimzika majira ya kuchipua yaliyopita. Uso wangu wa sijali nilikwenda nao kama alivyoagiza, ukaniishia mlangoni. Baadaye kwenye chai ya msibani, Jodie akatandaza kile kipande mezani karibu na picha ya Noreen. Diwani Sugden, mzee sasa, na fimbo, akaja akakiinamia.

"Kondoo wetu huyu," akasema.

"Mbwa huyo, Mheshimiwa," nikamwambia.

"Kijana, mji huu umejengwa kwa sufu. Nani angetuwekea mbwa?"

Nikamgeukia Jodie anitetee. Akawa anatazama kikombe chake.

"Noreen aliniambia zamani," akasema. "Akasema nisikwambie."

Basi. Mchuzi alikuwa kondoo. Hapo nilikosea.